Rangi imeenda wapi? Shajara ya unga wa majani na maji yaliyotiwa rangi

Siku ya 1

Tumeanza. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, kwenye meza moja ndefu yenye sinki pembeni, na mfuko wa majani ya mwarobaini yaliyoanza kunyauka. Tunataka kuyasaga majani haya, tuyatie kwenye maji yenye rangi ya nguo, tuone kama yanaweza kuikamata rangi hiyo na kuyaacha maji yakiwa safi.

Uchafu mwingi unaotoka viwandani hauonekani. Wa rangi unaonekana: miligramu moja tu ya rangi kali ndani ya lita ya maji inatosha kuyabadilisha sura. Lakini kinachonisumbua mimi si sura. Rangi huzuia mwanga kufika chini, mimea ya majini ikashindwa kutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni. Zaidi ya hapo, baadhi ya rangi za kundi la azo (zenye jozi ya atomi za naitrojeni katikati ya molekuli), zikivunjika mahali pasipo na oksijeni kama ndani ya tope, huacha amini, yaani kemikali zenye naitrojeni, zinazosababisha saratani. Benzidini ni mojawapo. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2002 la kuzuia rangi za azo zinazoweza kutoa amini 22 zilizotajwa kwa majina, kwenye nguo na ngozi zinazogusa mwili. Katazo hilo linamlinda mvaaji. Maji yaliyosuuzia ile nguo ni habari nyingine.

Na ugumu uko hapa: rangi bora ya nguo ni ile isiyochujuka. Mnunuzi anataka istahimili jua, sabuni na jasho, na mtengenezaji anahakikisha inastahimili. Rangi hiyohiyo ikifika mtoni haisahau ilivyotengenezwa. Jua haliipaushi haraka, na bakteria nyingi haziwezi kuitafuna.

Jambo moja limenijia leo wakati natoa majani kwenye vikonyo vyake. Kabla ya 1856, mwaka ambao William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipata zambarau ya kwanza ya maabara akiwa anatafuta kwinini, rangi nyingi za nguo zilitoka kwenye mimea, na buluu ya nili ilitoka kwenye majani ya mnili. Majani yalikuwa yakitupa rangi. Sasa tunayaomba yaichukue.

Siku ya 2

Rangi ya kuanzia ni methilini buluu, ambayo Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876. Tumeichagua kwanza kwa sababu ikiyeyuka majini molekuli yake hubeba chaji chanya, wakati uso wa jani kwa kawaida una chaji hasi. Kwa hiyo tunatazamia zivutane. Pia inapimika. Inameza mwanga mwekundu kwa nguvu, kilele kikiwa karibu na nanomita 664.

Mwenzangu ametengeneza kipimo chetu wenyewe. Ni kasha lililopakwa rangi nyeusi ndani, upande mmoja taa ya LED nyekundu ya nanomita 660, ya aina ileile iliyomo kwenye kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni ya damu, katikati kichupa chenye upana wa sentimita 1, na upande wa pili kihisi mwanga. Rangi ikikolea, mwanga unaofika kwenye kihisi unapungua, na kutoka hapo tunakokotoa kiasi kilichomo.

Tumeandaa mimumunyo ya miligramu 1 hadi 10 kwa lita na kuchora grafu. Hadi miligramu 5 nukta zimekaa kwenye mstari mnyoofu. Kuanzia 6 mstari unaanza kulala, kwa sababu molekuli za methilini buluu zikisongamana hushikana mbilimbili, na jozi hizo humeza mwanga wa wimbi fupi zaidi. Kwa hiyo tumekubaliana: sampuli yoyote inayozidi 5 itazimuliwa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, ndipo ipimwe. Nimeiandika kanuni hii kwa kalamu nene juu ya kasha.

Glavu ni lazima. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto vitabaki vya buluu kwa siku kadhaa.

Siku ya 3 hadi ya 6

Majani yanataka subira. Tumeyaosha vumbi, tukayaanika kivulini, kisha tukayamalizia kwenye joto la nyuzi 60 mpaka uzito ukaacha kushuka. Tukasaga, tukachekecha, tukachukua chembe zilizo kati ya milimita 0.25 na 0.5. Zilizo ndogo kuliko hapo tumezitenga: vumbi laini huelea majini, hukatisha mwanga, na kipimo hudhani ni rangi.

Kisha tukafanya jaribio ambalo nusura tuliruke. Tulitia unga kwenye maji matupu yasiyo na rangi, tukakoroga nusu saa. Maji yakageuka kahawia hafifu, na povu jembamba likakaa juu. Hapo nilielewa kwamba jani likiwa majini halikai kimya. Linaachia tanini (vitu vya kahawia vyenye ukakasi), sukari na vitu vingine vingi vinavyoyeyuka. Tungeendelea hivyo tungekuwa tunatoa uchafu mmoja na kuingiza mwingine, kwa sababu sukari na tanini hizo bakteria watazila na kumaliza oksijeni ya maji, jambo lilelile tunalolipinga.

Kwa hiyo tulichemsha unga dakika kumi, tukamwaga maji, tukachemsha tena. Mara ya kwanza maji yalitoka yamekolea kama yaliyochemshiwa magome. Mara ya nne yalikuwa ya manjano. Mara ya saba niliweka bilauri juu ya karatasi nyeupe nikatazama kutoka juu, na sikuona tofauti na maji ya bomba. Unga ukiwa umelowa hivi unateleza kati ya vidole kama tope. Ukikauka unakwaruza, na ile harufu kali ya mwarobaini imebaki kwa mbali sana.

Baada ya hapo tumeuloweka saa moja kwenye asidi haidrokloriki ya mola 0.1 kwa lita ili kung'oa kalisi na magnesi zilizokalia vikundi vya kaboksili (sehemu za jani zinazoweza kubeba chaji hasi), maana hivyo ndivyo viti tunavyotaka rangi ikae. Tukasuuza mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali) ya maji yanayotoka ikalingana na ya maji yanayoingia.

Gramu 100 za unga mkavu zimerudi gramu 68. Karibu theluthi ya jani ilikuwa vitu vya kuyeyuka.

Wapo wanaozifunga tanini ndani ya jani kwa formaldihaidi ili zisitoke. Njia hiyo inaokoa muda na uzito. Tumeikataa. Formaldihaidi yenyewe inatambuliwa kuwa inasababisha saratani, na sioni haki ya kumkabidhi mtu maji niliyoyasafisha kwa kitu ambacho mimi nakishika nikiwa nimevaa barakoa.

Siku ya 8

Jaribio la kwanza kamili: mililita 50 za maji yenye miligramu 50 za rangi kwa lita, unga gramu 0.1, saa mbili za kukoroga. Tulipitisha kwenye karatasi ya chujio. Chini yakatoka maji ambayo ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kipimo: miligramu 1.1 kwa lita. Yaani karibu asilimia 98 ya rangi imeondoka.

Tulishikana mikono. Niliiweka bilauri dirishani na kuipiga picha.

Siku ya 9

Ile asilimia 98 si kweli.

Asubuhi mwenzangu alikuwa anasafisha meza, akaokota karatasi za chujio za jana. Pembezoni, mahali ambapo unga haukufika kabisa, karatasi ilikuwa na duara la buluu. Akaniuliza, "Hii nayo imetoka wapi?"

Tulichukua mmumunyo wa miligramu 5 kwa lita, usio na unga hata chembe, tukaupitisha kwenye karatasi mpya. Ulioingia ulikuwa 5. Uliotoka ulikuwa 1.4. Karatasi peke yake ilikuwa imechukua zaidi ya theluthi mbili. Nilipofikiri vizuri sikuona ajabu tena: karatasi ni selulosi, na selulosi ni mti. Tulikuwa tunapima jani kwa kutumia kipande cha mmea mwingine kinachofanya kazi ileile, na sifa zote tukalipa jani.

Tukaangalia na vyombo. Bika la kioo tulilomimina rangi lilibaki na utando wa buluu usiotoka kwa maji. Kwa ethanoli ulitoka mara moja. Kioo nacho kinashika methilini buluu.

Kuanzia leo tunafuata utaratibu mpya. Hakuna karatasi ya chujio: unga unatenganishwa kwa sentrifuji ndogo, mashine inayozungusha chupa kwa kasi mpaka unga utuame, na maji ya juu yanavutwa kwa pipeti. Chupa zote ni za plastiki ya polipropilini. Na kila kundi la chupa litakuwa na chupa shahidi, yenye rangi lakini haina unga, itakayopita kila hatua wenzake wanayopita. Shahidi akipoteza rangi, tunajua kuna mwizi mwingine mezani.

Tumerudia jaribio la jana kwa utaratibu huu. Shahidi amebaki 49.6 kutoka 50. Chupa yenye unga imebaki na 5.2. Asilimia 90, si 98. Gramu moja ya unga imeshika miligramu 22.4 za rangi. Nimefuta picha ya dirishani.

Juu ya ukurasa wa mbele wa daftari mwenzangu ameandika swali moja: *Rangi imeenda wapi?* Hatutaandika tena neno "imeondoka" mpaka tujue ilikokwenda.

Siku ya 12

Leo tumefuatilia muda. Chupa ilianza na miligramu 50 kwa lita. Baada ya dakika 5 zilibaki 21, dakika 15 zikabaki 13, dakika 30 zikabaki 9, saa moja 6, na saa mbili 5. Saa sita haikuongeza kitu cha maana.

Umbo hili la kukimbia mwanzoni kisha kujikokota lina sababu yake, na ni vizuri nieleze hapa tunachomaanisha tukisema jani "linanasa" rangi. Sifongo hufyonza: maji huingia ndani yake yote. Hapa kinachotokea zaidi ni kunata juu ya uso. Jani ni selulosi, hemiselulosi na lignini, vitu vinavyojenga kuta za seli za mmea, na uso wake umejaa vikundi vya kaboksili na haidroksili. Molekuli za kwanza zinakuta viti vitupu nje ya chembe na zinakaa papo hapo. Zinazofuata zinakuta vya mbele vimejaa, inabidi zipenye kwenye vijitundu vya ndani, na njia ni nyembamba.

Tumeamua saa mbili ndiyo muda wetu wa kawaida.

Siku ya 15

pH. Kwanza tulitafuta pH ambayo uso wa unga hauna chaji kwa jumla. Unatia unga kwenye maji ya chumvi yenye pH tofauti tofauti, unakoroga siku nzima, unatafuta pale ambapo pH ya mwisho imebaki kama ya mwanzo. Kwetu ni 5.4. Chini ya hapo uso unaelekea kuwa chanya na utaisukuma methilini buluu. Juu ya hapo unakuwa hasi na utaivuta.

Chupa zimetii. pH 2 asilimia 35, pH 4 asilimia 74, pH 7 asilimia 90, pH 9 asilimia 93.

Jioni tuliandaa chupa moja ya ziada, pH 13, na humo tukatia unga mbichi usiooshwa. Nilitaka kujua kama kuosha kumetupunguzia nguvu. Tuliijaza hadi shingoni, tukaikaza kifuniko, tukaiacha usiku kucha.

Siku ya 16

Chupa ya pH 13 haina buluu hata kidogo. Maji ni ya kahawia lakini yanapitisha mwanga, na kipimo kilisoma sifuri kwenye nyekundu. Asilimia mia moja. Kama si yale ya siku ya 9 ningeandika hivyo na kwenda zangu.

Nilifungua kifuniko nivute sampuli. Mkono ukatikisa chupa kidogo. Pale juu, mahali maji yanapogusana na hewa, ukatokea mstari mwembamba wa kijani iliyoiva. Nikatazama bila kusema. Mstari ukashuka kama wino unaodondoka, ukawa wa buluu. Nikaita mwenzangu, nikafunga, nikatikisa kwa nguvu, na chupa nzima ikawa buluu mbele ya macho yetu. Tukaiweka chini. Kufikia adhuhuri ilikuwa imepauka tena. Tukatikisa. Ikarudi.

Rangi haikuwa imeenda popote. Kwenye maji yenye alkali nyingi, sukari na tanini zilizotoka kwenye jani zinaipa methilini buluu elektroni, nayo inageuka kuwa umbo lisilo na rangi kabisa. Molekuli bado imo, imebadilisha vazi tu. Oksijeni ya hewani ikiingia inazichukua zile elektroni, na buluu inarejea. Ni kanuni ileile inayotumika kwenye onyesho la darasani la chupa yenye glukosi na alkali.

Nimekaa na jambo hili mchana wote kwa sababu linatisha kidogo. Maji ya namna hii yakitoka kwenye tangi lililofungwa yangepita mtihani wowote wa macho, na mtihani wa mashine pia. Mita chache mbele, yakishapigwa na hewa, yangekuwa buluu tena.

Tumeongeza hatua: kila sampuli inapulizwa hewa dakika kumi kabla ya kupimwa. Tulirudia zile za pH 2 hadi 9 kwa unga uliooshwa. Hazikubadilika. Zile namba zinasimama.

Siku ya 20

Uwezo wa mwisho wa unga. Gramu 0.1 zilezile, mililita 50 zilezile, ila tunaongeza ukolezi wa rangi. Ukianza na 100 zinabaki 18, kwa hiyo kila gramu imeshika miligramu 41. Ukianza na 200 zinabaki 82, yaani 59 kwa gramu. Ukianza na 300 zinabaki 168, yaani 66. Unaona jinsi inavyokaribia ukingo: rangi imeongezwa 100, unga umeongeza 7 tu.

Mlinganyo wa Irving Langmuir wa 1918, aliouandika kwa ajili ya gesi zinazonata juu ya kioo, ulanga na platini, unakaa vizuri juu ya nukta zetu. Unachukulia kwamba viti vina idadi maalumu na kila kiti kina mkaaji mmoja. Kwa hesabu yake unga wetu unajaa karibu na miligramu 70 kwa gramu. Makaa amilifu mazuri, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunasa uchafu, hushika mara kadhaa ya hapo, na sitajifanya jani linashindana nayo. Ila makaa hayo yanahitaji tanuri la mamia ya nyuzi joto; huu wetu umehitaji maji ya moto na asidi nyepesi.

Majani ya mpera tuliyoyaandaa kwa njia ileile yamefika karibu na hapohapo. Hatutayafuatilia zaidi kwa sasa.

Siku ya 21

Chumvi, gramu 10 kwa lita. Asilimia 90 imeshuka hadi 71. Sodiamu nayo ina chaji chanya na inagombania viti vilevile. Namba hii nimeipigia mstari, kwa sababu ya kesho kutwa.

Siku ya 23 na 24

Mpaka leo tumekuwa tukijipa mtihani rahisi. Methilini buluu ni mgeni ambaye jani linamtaka. Lakini pamba, ambayo ndiyo nguo ya watu wengi, haitiwi rangi za namna hiyo. Pamba hutiwa zaidi rangi tendaji, na hizo zina vikundi vya salfoneti vyenye chaji hasi.

Mwenzangu alitia kitambaa cha pamba rangi tendaji nyekundu hapahapa mezani, kwa utaratibu wa kawaida: chumvi nyingi kwanza, kisha magadi ya kufunga rangi. Kazi hii kwa kawaida inataka gramu 40 hadi 80 za chumvi kwa lita, na sababu yake inanivutia: pamba nayo ni selulosi, ikiwa majini ina chaji hasi, inaisukuma rangi. Chumvi inaifunika ile chaji ili rangi ikaribie. Jani letu na kitambaa cha pamba ni ndugu, na tabia zao ni moja. Tofauti ni kwamba magadi yanaifunga rangi tendaji kwenye uzi kwa kifungo cha kemia, na ile inayokutana na maji kabla ya kukutana na uzi inaharibika. Haitashika nguo tena. Ndiyo inayomwagwa.

Tulitunza maji yaliyobaki, tukayazimua, tukabadilisha taa ya kipimo kuwa ya kijani, tukatia unga. Baada ya saa mbili unga ulikuwa umenasa asilimia 4. Shahidi alipoteza 1.

Tukajaribu Kongo nyekundu, rangi ya azo inayobeba kiini cha benzidini, tukiishika kwa glavu mbili. Kwenye pH 7, kutoka 50 zilibaki 46. Rangi hii hatukuijaribu kwenye asidi, kwa sababu Kongo nyekundu hugeuka buluu pH ikishuka chini ya 3, na tungekuwa tunapima kubadilika kwa sura tukidhani tunapima kunaswa. Tumeshajifunza hilo mara moja.

Ile rangi tendaji haibadiliki sura kwenye asidi. Tulihakikisha kwa chupa shahidi. Tukashusha pH hadi 2. Uso wa unga ukawa chanya, na unasaji ukapanda hadi asilimia 38. Ni afadhali. Lakini maji ya pH 2 huwezi kuyamwaga. Yatahitaji alkali kuyarudisha katikati, na hapo unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Ninaandika wazi hapa kwa yeyote atakayefanya kazi kama hii: ukiona namba nzuri za majani na methilini buluu, zangu zikiwemo, usizihamishie kwenye maji ya kutia pamba rangi. Ni maji mengine. Hatua yetu inayofuata ni kuuvika unga kitosani, ambayo hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa, ili uso uwe na chaji chanya bila kulazimisha pH 2.

Siku ya 27

Tulijaza neli kwa unga na kupitisha maji juu kwenda chini. Unga ulivimba, neli ikaziba ndani ya dakika ishirini. Tukarudia kwa vipande vya milimita 1 hadi 2. Maji yalipita, ila yalijitafutia njia pembeni mwa ukuta wa neli na buluu ikatokea chini mapema. Tukaloweka vipande usiku mzima kabla ya kuvipanga, tukavitikisa vikae. Afadhali kubwa. Tutarudi kwenye neli baada ya kitosani.

Siku ya 30

Tuna kopo la unga uliotumika, wa buluu nzito karibu nyeusi. Kuna aliyetushauri tuumwage bustanini kwa vile ni majani tu. Hapana. Ni majani yaliyobeba rangi, na mvua yenye asidi kidogo au chumvi inaweza kuiachia. Kuuchoma kwenye moto hafifu wa wazi pia hapana: ndani ya methilini buluu kuna salfa, naitrojeni na klorini, na moshi wake utaingia kwenye kifua cha mtu.

Kwa hiyo leo tumeanza kuidai rangi irudi. Kwa kuwa pH 2 inaisukuma, tumeuosha unga kwa asidi haidrokloriki ya mola 0.1 kwa lita.

Siku ya 31

Hesabu ya chupa moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Iliingia miligramu 2.50 za rangi.

Ndani ya maji yaliyosafishwa zimebaki 0.25. Osho la kwanza la asidi limerudisha 1.20, la pili 0.45, la tatu 0.16. Jumla 2.06. Zinapungua 0.44.

Tuliosha chupa, kifuniko, ncha za pipeti na kijiti cha kukorogea kwa ethanoli. Ethanoli ilitoka na buluu ya mbali, kama anga la asubuhi. Tukapima: 0.07. Zinapungua 0.37.

Unga nao bado ni wa buluu. Tumeuosha mara ya nne, na asidi imetoka bila rangi yoyote tunayoweza kuipima. Kilichobaki humo kimekaa mahali ambapo asidi yetu haikifikii. Uliporudishwa kwenye maji mapya ya rangi, unga huu ulinasa asilimia 72 badala ya 90, na pengo hilo linaelekea kuwa vile viti ambavyo havikuachiwa.

Asidi yenye rangi iliyorudi tumeiweka kwenye chupa yake. Unga tumeukausha na kuufunga kwenye kopo, na mwenzangu amebandika karatasi: *Majani ya mwarobaini, gramu 0.1. Methilini buluu ndani yake, miligramu 0.37. Usimwage.*

Kesho tunaanza kuyeyusha kitosani.